Mfunze Punda Mchanga kwa Upole, Naye Atakutumikia Miaka Mingi

Mashariki ya mji wa Mbale husimama Wanale, tawi la Mlima Elgon lenye maporomoko ya maji, migomba na mashamba ya kahawa. Njia zake nyingi ni nyembamba, zina mwinuko mkali, na wakati wa mvua huteleza. Pasipofika gari, mzigo hubebwa kichwani, na mara nyingi kichwa hicho ni cha mama au cha mtoto. Ndugu zetu wa Kapchorwa, upande wa kaskazini wa mlima huo huo, hutumia punda kuipunguzia jamaa adha hiyo. Lakini punda mwoga katika njia ya gengeni ni hatari kwa nafsi yake, kwa mzigo na kwa mtoto anayemwongoza. Kwa hiyo hapana budi ajengewe moyo mapema, kabla hajatwishwa chochote.

KUSITA SI UKAIDI

Watu husema punda ni mkaidi. Yafaa ifahamike kwamba farasi akiogopa hukimbia, bali punda mara nyingi husimama tuli. Asili yake ni nchi kavu za Afrika, ambako alianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Husimama ili aipime hatari. Ampigaye wakati huo humthibitishia kwamba mahali pale pana hatari kweli, na kesho atasita zaidi.

Xenophon, askari na kamanda wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu juu ya farasi. Alishauri kwamba mtu asimwendee mnyama kwa hasira. Na mnyama akiogopa kitu, mtu akiguse kwanza yeye mwenyewe, kisha amsogeze mnyama polepole. Shauri hilo lamfaa punda pia.

MASOMO YA MWANZO

Mzoeze mwana-punda kuguswa tangu angali na mama yake: shingoni, mgongoni, kisha miguuni. Mwinue kwato moja moja na kuirudisha chini kabla hajaanza kupapatika. Baadaye mvishe hatamu laini ya kamba, umfundishe kufuata, kusimama na kurudi nyuma. Simama ubavuni pake, usimvute kwa nguvu. Akipiga hatua moja, legeza kamba papo hapo, maana kulegea huko ndiko kunakomwambia kwamba amefanya vema. Dakika kumi au kumi na tano kwa siku zatosha.

Kisha mwonyeshe mambo ya njiani: gunia linalopeperuka, daraja la magogo, kijito, pikipiki. Mpe nafasi anuse na kutazama. Punda mkubwa aliye mtulivu akitangulia, mdogo hufuata kwa urahisi. Kila somo liishie mahali alipofaulu.

Watoto wa nyumbani waweza kusaidia, ila wasisimame nyuma yake, na kamba wasiizungushe mkononi, kwani akishtuka atawaburuta.

MZIGO UNGOJE

Shogi tupu liwekwe mgongoni kwanza, juu ya kitambaa kinene, ili alizoee. Mzigo wenyewe ungoje hadi apate miaka minne hivi, mifupa yake ikomae. Hata hapo usizidi theluthi ya uzito wake: punda wa kilo 150 asitwishwe zaidi ya kilo 50, na mlimani apunguziwe. Pande mbili za shogi zilingane, maana mzigo unaoelemea upande mmoja humwangusha mnyama na kumchubua mgongo.

Askari anayejua mafunzo hatashangazwa na haya, kwani kuruta hapelekwi vitani siku ya kwanza. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Wako pia wasemao punda afe, mzigo ufike. Lakini mlimani punda akifa, mzigo wa kesho hurudi kichwani pa mama.