Mtumbwi wa Kushonwa, Kazi ya Jioni

Merikit haina ziwa, lakini kutoka huko hadi mwalo wa Majanji, wilayani Busia, si safari ndefu. Huko mitumbwi ya mbao ya Ziwa Victoria hupigwa misumari. Zamani, Stanley alipolizunguka ziwa hilo mwaka 1875, mbao zilishonwa kwa nyuzi za mimea, na omo ikapambwa kwa pembe za wanyama. Ustadi huo umefifia; heri uhifadhiwe walau katika kielezo kidogo.

Askari aliye likizoni, akisaidiwa na wanawe, na aanze na mkuku wa sentimita 40, uliochongwa katika mti mwororo. Mbao, zenye unene wa milimita 3, zirowekwe katika maji ya moto hata zikubali kupinda. Hapa ndipo wanagenzi wengi huharibikiwa: tundu la sindano likitobolewa ukingoni mno, ubao hupasuka, na jioni nzima imepotea! Iachwe nafasi ya milimita 8. Mshono uwe wa uzi wa katani, na maungio yazibwe kwa nta ya nyuki.

Karai la kufulia latosha kwa majaribio. Chombo kikilalia upande mmoja, ubao wa upande huo upunguzwe kwa msasa, kidogo kidogo.