Soya ya Kigoma na Soko la Mashudu

Soya, zao la jamii ya kunde ambalo punje yake ina takriban asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta, hulimwa Tanzania zaidi katika mikoa ya kusini, hususan Ruvuma na Mbeya, ilhali Kigoma imezoea maharage, mahindi na michikichi. Kwa mfanyabiashara wa Rusimbi, mjini Kigoma, swali kuu si kama soya itaota, bali ni nani atakayeinunua.

Mafuta hayatoshi kulijibu, kwa kuwa mchikichi hutoa mafuta mengi zaidi kwa hekta. Soko la China, lililofunguliwa kwa makubaliano ya 2020, nalo liko mbali, kwani kuifikia bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Faida iko katika mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya punje kukamuliwa, ambayo ni chanzo kikubwa cha protini katika chakula cha kuku. Dagaa huweza kufanya kazi hiyo hiyo, lakini dagaa ni kitoweo cha watu kwanza, tena mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Soya inayopandwa Desemba au Januari, ili ikomae mvua zikielekea ukingoni, huvunwa karibu na kipindi hicho.

Kilimo cha kutegemea mvua, hata hivyo, hakisamehe pupa. Mpango wa karanga wa Waingereza, uliogusa Urambo, kwenye njia ya reli ya Kigoma, na kuvunjwa mwaka 1951, ulitanguliza matrekta kabla ya kuujua udongo na mvua. Soya hudhurika zaidi ikikosa maji wakati wa kujaza maganda. Upandaji nao unadai uangalifu: mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari, kisha huchanganywa kivulini na unga wenye bakteria wanaoisaidia mizizi kunasa naitrojeni ya hewani, na hupandwa siku hiyo hiyo kwa sababu jua huwaua. Punje mbichi nazo hazifai kulishwa kuku bila kupashwa moto, kwani zina viini vinavyozuia usagaji wa protini.

Kwa hiyo kikaangio na mashine ya kukamua vitangulie kuwekwa mjini kabla ya wakulima kuhimizwa kupanua mashamba.