Mizani Iliyomo Sikioni

Mwanamke wa Bariadi hubeba ndoo ya maji kichwani bila kuyamwaga, akisaidiwa na punje ndogo za chokaa zilizomo ndani ya masikio. Kichwa kiinamapo, punje huvutwa na ardhi na kuamsha mishipa ya fahamu, nayo huuarifu ubongo chini ni wapi.

Katika chombo cha angani punje hukosa uzito. Macho husema hili, masikio lile. Mwaka 1961 Mrusi Gherman Titov, aliyekaa angani zaidi ya saa 25, alipatwa na kichefuchefu. Baada ya siku chache ubongo huzoea. Lakini mwanaanga arudipo duniani huyumba.

Basi kizunguzungu cha mzee kisipuuzwe: huenda punje zimehama, na tabibu aweza kuzirudisha mahali pake.