Jicho Moja Halitoshi: Habari za Macho ya Umeme Yanayopima Masafa

Wanachama wengi wametuuliza sababu ya Kamati kuchelewa kununua gari jipya la kuinulia magunia ghalani. Wengine wamesema, na si vibaya kusema, kwamba msimu u mlangoni na karafuu hazingoji. Twaona ni haki ya kila mwanachama kuelezwa jambo hili wazi, maana fedha ni zake, na watakaopita mbele ya gari hilo ni watoto wake na ndugu zake.

Wote twakumbuka kwamba msimu uliopita mchukuzi wetu mmoja alibanwa mguu baina ya gari na rundo la magunia. Gari lile lilikuwa na jicho la umeme kwa nyuma, la kumwona mtu na kufunga breki lenyewe. Jicho halikuvunjika wala waya haukukatika. Lilifunikwa na vumbi la karafuu, mwanga wake ukashindwa kwenda na kurudi. Na mtengenezaji wake alikuwa amelifundisha ya kwamba mwanga usiporudi, basi hapana kitu mbele. Mchukuzi amepona, alhamdulillahi, lakini hajaweza tena kubeba gunia.

Jicho hilo laonaje?

Ziko namna mbili zinazotumika sana. Namna ya kwanza hutoa mwanga katika tundu moja na kuupokea katika tundu la pili lililo kando yake. Ndugu msomaji, weka kidole mbele ya pua yako, ukifumba jicho moja kisha la pili. Kidole chaonekana kuruka. Kipeleke mbali, nacho kitaruka kidogo zaidi. Jicho la namna hii hupima mruko huo na kujua masafa.

Namna ya pili huhesabu muda. Mwanga hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Kitu kikiwa mita 1 mbele, mwanga huenda na kurudi kwa muda usiofika sehemu 7 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Ni ajabu, lakini vyombo vya leo vyaweza kuuhesabu muda huo.

Kila namna ina kasoro zake, na ni lazima tuzijue. Kanzu nyeupe hurudisha mwanga vizuri, lakini zipo nguo nyeusi zinazounywa. Chuma king'aacho huupeleka upande. Kioo huupitisha. Jua la jioni likiingia moja kwa moja mlangoni mwa ghala laweza kulitia jicho kiwi kama linavyotutia sisi. Na katika namna ya kwanza yako macho ya bei nafuu yaliyofanywa kupima baina ya sentimita 10 na 80. Kitu kikija karibu kuliko sentimita 10, hesabu hugeuka, na kilicho karibu sana chaweza kuonekana kama kiko mbali. Yaani jicho hupotea pale pale hatari inapofika. Dawa yake ni kulizamisha jicho ndani ya bodi la gari kiasi hicho cha sentimita 10, ili mtu asiweze kamwe kulisogelea zaidi.

Kamba mbili, tawi moja

Mtu atasema, “Basi tufunge macho mawili.” Ni shauri jema, lakini lataka kufikiriwa. Mpanda mkarafuu ajua kwamba tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika. Akijifunga kamba mbili badala ya moja, na zote mbili akazifunga katika tawi lile lile, amepata nini? Tawi likikatika ataanguka na kamba zake mbili.

Ndivyo yalivyo macho mawili ya namna moja yaliyokaa bega kwa bega. Vumbi lililoziba moja limeziba na la pili. Jua lililotia kiwi moja limetia na la pili. Zaidi ya hayo, mwanga wa moja waweza kuingia katika mwenzake na kulidanganya. Kwa hivyo mafundi hushauri macho ya namna mbalimbali, mahali mbalimbali, kila moja na waya wake. Jicho moja lipime kwa mwanga, na chombo cha pili kipime kwa sauti nyembamba isiyosikika na masikio yetu, kama afanyavyo popo. Sauti hukimbia karibu mita 350 tu kwa sekunde katika joto la digrii 30. Haijali nguo nyeusi wala jua. Sauti nayo ina udhaifu: nguo nzito na laini huimeza, na ubao ulioinama huipeleka upande. Lakini kile kinachomshinda mmoja aghlabu hakimshindi mwenziwe, na faida iko hapo.

Wakihitilafiana, nani asikizwe?

Hili ndilo kubwa. Tarehe 25 Februari 2009 ndege ya Shirika la Ndege la Uturuki, Boeing 737, ilikuwa ikishuka kwenda kutua katika uwanja wa Schiphol, karibu na Amsterdam, Uholanzi. Ilikuwa na vyombo viwili vya kupimia masafa mpaka chini kwa mawimbi ya redio. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikosea, kikaonyesha kwamba ndege iko futi 8 chini ya ardhi, hali ilikuwa bado karibu futi 2,000 juu. Mtambo unaoongoza nguvu za injini ulikisikiliza cha kushoto, ukadhani ndege inagusa ardhi, ukapunguza nguvu. Mwendo ukapungua, na marubani walipotanabahi walikuwa wamechelewa. Watu 9 walikufa.

Mbele yetu pana funzo. Vyombo vilikuwa viwili, lakini mtambo ulimsikiliza mmoja bila ya kumwuliza wa pili. Kuwa na mashahidi wawili hakuna maana ikiwa kadhi humwita mmoja tu.

Ndege iliyo angani haiwezi kusimama. Kwa hivyo ndege nyingi hutiwa vyombo vitatu, na wawili wakikubaliana humshinda mmoja. Gari la ghalani bahati yake njema ni kwamba laweza kusimama. Basi sheria yake iwe nyepesi: jicho lolote likiona mtu, gari lisimame, macho yakihitilafiana, gari lisimame, jicho likinyamaza, gari lisimame, waya ukikatika, gari lisimame. Gari liende kwa ruhusa ya macho yote mawili tu. Kunyamaza kusihesabiwe kuwa ni usalama, maana huko ndiko kulikomponza mchukuzi wetu.

Kanuni ya mataifa iitwayo ISO 13849 hupanga vyombo vya usalama kwa madaraja. Katika daraja la 3, hitilafu moja isiweze kuondoa ulinzi. Katika daraja la 4, hata hitilafu zikirundikana, ulinzi ubaki.

Jicho lione mbali kiasi gani?

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme gari laenda mita 1.5 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Jicho na breki huchukua sehemu 2 katika 10 za sekunde kabla ya kuanza kushika: gari limekwenda sentimita 30. Kisha breki huchukua sekunde 1 kulisimamisha: sentimita 75 nyingine. Jumla ni sentimita 105. Lakini mtu naye hakusimama. Kanuni humhesabia mwendo wa mita 1.6 kwa sekunde, na kwa muda huo wa sekunde 1.2 amekuja karibu sentimita 192. Ukijumlisha wapata karibu mita 3, nayo huongezwa nafasi ya mkono unaotangulia mwili. Jicho la kuona sentimita 80 lafaa nini hapo?

Shauri letu

Tumeletewa bei mbili. Gari moja lina jicho moja, nalo ni rahisi. La pili lina jicho la mwanga na chombo cha sauti, nalo ni ghali zaidi. Kamati yaona tununue la pili, na jambo hili litaletwa katika mkutano mkuu mlikate wenyewe.

Lakini twawaambia kweli. Gari hilo litasimama mara nyingine bila ya sababu, na wenye haraka wataudhika. Asitokee mtu kulifunika jicho kwa kitambaa au kulikata waya ili kazi iende. Na kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, macho yafutwe, kisha ubao wenye nguo nyeusi uwekwe nyuma ya gari kuona kama litasimama. Lisiposimama, siku hiyo halifanyi kazi, na magunia tutayachukua kwa mabega yetu kama walivyofanya wazee wetu.

Tahadhari kabla ya hatari. Karafuu iliyonyeshewa yaweza kuanikwa tena, lakini mguu uliobanwa hauna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa.