Debe Linalovuma kwa Adabu: Gitaa la Chuma na Mpigaji wa Pwani ya Kusini

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hutumiwa kumsuta mtu mwenye maneno mengi na busara haba. Hata hivyo, kuna ala moja ya muziki ambayo thamani yake yote imo katika huo utupu na huko kuvuma. Ala hiyo ni gitaa lenye kiwiliwili cha chuma, liitwalo gitaa la rezoneta. Makala haya yanakusudia kueleza ala hii ni nini, inafanyaje kazi, na ni kwa namna gani inaweza kumfaa mpigaji mwenye kipato kidogo katika Kaunti ya Kwale, hususan ukanda wa Ukunda, Diani na Msambweni. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba gitaa hili humpa mpigaji sauti asiyohitaji kuilipia umeme, lakini humtoza gharama mbili: kulilinda dhidi ya chumvi ya bahari, na kulifunza lisiyameze maneno ya wimbo.

Asili ya gitaa la rezoneta

Katika miaka ya 1920, kabla ya gitaa la umeme kuenea, mpigaji gitaa katika bendi za Marekani alimezwa na tarumbeta na ngoma. George Beauchamp, mwanamuziki aliyepiga gitaa kwa mtindo wa Hawaii, alitafuta ala yenye sauti kubwa zaidi, akashirikiana na John Dopyera, fundi aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Slovakia. Mwaka 1927 magitaa yao ya chuma yenye koni tatu yalianza kuuzwa mjini Los Angeles kwa jina la National. Mwaka 1928 Dopyera alijitenga, akaanzisha pamoja na ndugu zake kampuni ya Dobro. Jina hilo limetokana na jina la ukoo wao, na katika lugha yao ya asili lina maana ya wema.

Tatizo la sauti kumezwa halikuwa la Marekani peke yake. Fundi Konde, mwana wa pwani ya Kenya, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza nchini kutumia gitaa la umeme katika miaka ya 1950. Umeme ukawa ndio njia kuu, na gitaa la rezoneta likabaki kuwa ala ya wachache. Lakini njia ya umeme hudai kipaza sauti, nyaya, na mahali pa kuvichomeka. Mpigaji anayezunguka meza hadi meza katika hoteli ya ufuoni Diani, huku upepo na mawimbi yakishindana naye, au aliyealikwa kwenye harusi katika kijiji cha ndani ya Msambweni, mara nyingi hana hata kimojawapo. Kwa mtu huyu, sauti isiyofika meza ya pili ni riziki isiyofika nyumbani.

Namna linavyofanya kazi

Katika gitaa la kawaida, mtetemo wa nyuzi hupita kwenye daraja na kuutikisa ubao wa mbele, nao ubao huisukuma hewa. Katika gitaa la rezoneta, kazi hiyo hufanywa na koni nyembamba ya alumini iliyofichwa chini ya kifuniko chenye matundu. Kiwiliwili cha chuma ni nyumba tu ya koni hiyo, ingawa nacho huchangia ladha ya sauti. Kwa kuwa koni ni nyepesi mno, mtetemo mdogo huitikisa sana, na sauti hutoka kwa nguvu na kwa haraka.

Kuna aina tatu kuu. Ya kwanza ina koni tatu ndogo, kila moja yenye upana wa takriban sentimita 15, zilizounganishwa kwa daraja lenye umbo la herufi T. Sauti yake ni laini na hudumu. Ya pili ina koni moja ya takriban sentimita 24, na juu ya kilele chake hukaa kisahani kidogo cha mti kinachobeba nyuzi; sauti yake hulipuka na kuzima upesi. Ya tatu ina koni ya takriban sentimita 27 iliyogeuzwa kama bakuli, na juu yake hulala kiunzi chenye miguu minane mfano wa buibui. Aina hii ya tatu aghalabu hutengenezwa kwa kiwiliwili cha mti. Magitaa ya chuma ya bei nafuu, ambayo mengi yao hutengenezwa China, kwa kawaida ni ya aina ya pili.

Kulichagua kwa mfuko mdogo

Unafuu wa bei hutokana na mambo mawili. Kwanza, kiwiliwili huweza kuwa cha chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli au rangi badala ya shaba. Pili, koni huwa nene na nzito kuliko ile ya magitaa ya bei ghali. La kwanza halimzuii mpigaji kupata sauti nzuri. La pili hurekebishika, kwani koni bora na kisahani kilichokaa sawasawa huweza kubadilishwa baadaye bila kununua gitaa jipya. Kwa hiyo mnunuzi asihangaikie mng'aro. Achunguze shingo kama imenyooka, kwa sababu shingo ni ya mti na ndiyo inayopinda. Azungushe vikazio vya nyuzi aone kama vinashika. Kisha apige kila uzi kwa nguvu na kusikiliza kama kuna mkwaruzo. Mkwaruzo huo mara nyingi ni dalili ya koni isiyokaa vyema kwenye kitako chake. Aidha, alipime begani, kwani gitaa la chuma huweza kuwa na uzito unaokaribia kilo nne au hata kuzidi, na harusi haiishi kwa saa moja. Mkanda mpana si anasa.

Chumvi, jua na kutu

Pwani ya kusini haina huruma kwa ala. Katika majira ya masika unyevu huvimbisha mbao na kulegeza gundi, jambo ambalo wapigaji udi na magitaa ya mti wanalijua fika. Kiwiliwili cha chuma hakivimbi wala hakifumuki. Hata hivyo, hewa ya chumvi hula chuma. Zaidi ya hayo, alumini inapogusana na chuma au shaba penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa kwanza. Maana yake ni kwamba koni, ambayo ndiyo moyo wa ala, huweza kuoza kwenye ukingo wake ilhali nje gitaa lingali linang'aa.

Tiba yake haina gharama kubwa. Kila baada ya kupiga, nyuzi na kiwiliwili vifutwe kwa kitambaa kikavu. Mafuta mepesi ya cherehani, kidogo sana, yapakwe juu ya chuma, lakini yasifike kwenye mti wa shingo. Gitaa lisifungiwe mfukoni likiwa na unyevu wa ufuoni; na ndani ya mfuko viwekwe vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Lisiachwe juani, kwa sababu chuma hushika moto na nyuzi hulegea, wimbo ukapotoka kabla ya kuanza. Kifuniko kisifunguliwe bila kulegeza nyuzi kwanza, na koni isibonyezwe kwa kidole.

Gitaa la chuma na muziki wa pwani

Huenda msomaji akauliza iwapo ala hii ya kigeni ina nafasi katika muziki wa pwani. Jibu limo katika historia. Taishokoto ilibuniwa na Goro Morita mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912. Baadaye ikaingia katika taarabu ya Mombasa, ikiwemo ya Zuhura Swaleh, hata ikawa miongoni mwa sauti zinazoitambulisha. Wala mlio wa chuma si mgeni Kwale: katika sengenya ya Wadigo, upatsu wa chuma hulia pamoja na ngoma, kayamba na nzumari.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vijiti vya chuma, hivyo haiwezi kutoa sauti zilizo katikati ya vijiti hivyo. Udi, kama ule wa Zein l'Abdin, hauna vijiti, ndiyo maana huweza kufuata maqamu za Kiarabu. Mpigaji wa rezoneta anapoteleza juu ya nyuzi kwa shingo la chupa iliyokatwa na kulainishwa, huipata njia hiyo ya katikati, na gitaa likaweza kuifuata sauti ya mwimbaji inapopinda.

Hapa ndipo adabu inapohitajika. Katika taarabu na nyimbo nyingi za pwani, shairi ndilo bwana na ala ni mtumishi. Wasikilizaji huja kusikia mafumbo, na fumbo lisilosikika haliwezi kufumbuliwa. Gitaa linalolipuka kila neno linapotamkwa huharibu wimbo kuliko gitaa lisilosikika kabisa. Mpigaji hana budi kujifunza kupiga kwa ncha laini ya kidole mwimbaji anapoimba, na kuliachilia gitaa linguruma pale ubeti unapokwisha. Kwa bahati njema, aina ya koni moja huzima sauti upesi, hivyo huacha nafasi kwa neno linalofuata.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba gitaa la chuma la bei nafuu si pambo la kupigia picha ufuoni. Ni zana ya kazi kwa mtu asiye na kipaza sauti, mradi alikague kabla ya kulinunua, alifute chumvi kila siku, na ayape maneno haki yake. Debe tupu haliachi kuvuma, ni kweli. Lakini aliyejua lini livume na lini linyamaze, huyo hulitoa katika aibu ya methali akaliingiza katika sanaa.