Chura wa Udongo Asemaye

Mtoto wa Kisenge, magharibi ya Kolwezi, akifinyanga chura wa udongo, chura huyo hatembei wala hasemi. Lakini katika sinema aweza kufanya yote mawili. Namna gani?

Fundi humpiga picha moja. Kisha humsogeza kidogo sana, humpiga picha tena. Picha zikipita upesi, 24 kwa sekunde moja, jicho hudanganyika: chura anatembea!

Kwa hiyo fundi mwenye akili huandika maneno kwanza, huyasoma kwa sauti, huyapima kwa saa. “Hodi, baba mkwe!” yakidumu sekunde 2, yataka picha 48. Fundi mwenye haraka hupiga picha kwanza. Mwishoni huona kinywa kimekwisha kufungwa, na sauti ingali inasema. Kazi ya siku nzima imepotea.

Mengine pia hupangwa mapema. Maji ya kweli hayangoji picha, tena huharibu udongo. Basi mvua hufanywa kwa nyuzi. Moshi ni pamba. Chura arukaye hushikwa na uzi mwembamba usioonekana.

Mkongo Jean-Michel Kibushi alitoa mwaka 1991 sinema ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Mwaka 2004 alitoa nyingine ya sanamu, jina lake *Prince Loseno*.

Haraka haraka haina baraka.

MASWALI
1. Kwa nini maneno hutangulia picha?
2. Maneno ya sekunde 5 yataka picha ngapi?