Picha Isiyotazamiwa na Mazoea ya Mwili

Aghalabu mtu huijua sura yake kwa kioo, na hakuna akiendeaye kioo ila huwa amekwisha kujitengeneza: shingo imenyooka, kidevu kimeinuka, na uso umeshika ile hali ambayo mwenyewe huihesabu kuwa ndiyo yake ya daima. Walakini picha iliyopigwa arusini au barazani, watu wakizungumza, pasi na yeye kujua kuwa anapigwa, humletea habari nyingine kabisa: bega moja limeshuka kuliko lenzake, mgongo umepinda, mikono imefumbatwa kifuani, na kichwa kimekitangulia kiwiliwili. Wengi huikana picha hiyo papo hapo, wakadai kuwa mpigaji hajui kazi yake.

Zamani ushahidi wa namna hii haukuwako. Ufundi wa kupiga picha wa Louis Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, mwenye kupigwa alilazimika kutulia kwa muda mrefu, hata wapiga picha wakazoea kuweka nyuma ya shingo chuma cha kukishika kichwa kisitikisike. Ndiyo sababu wazee wa picha zile wanaonekana wamekakamaa wote kwa namna moja. Zilipokuja kamera ndogo, kama Leica iliyotolewa mwaka 1925, ndipo Mjerumani Erich Salomon alipoweza kuingia kwenye mikutano ya wakubwa na kuwapiga mawaziri, huko The Hague mwaka 1930, wakiwa wamejilaza vitini kwa uchovu wa usiku.

Lakini kwa nini mwenye mwili asiyahisi yale ambayo jicho la mwingine huyaona mara moja? Jawabu lililo bora kuliko yote nimelipata katika habari za Frederick Matthias Alexander, mzaliwa wa Tasmania mwaka 1869, ambaye kazi yake ilikuwa kughani mashairi mbele ya watu, na sauti ikawa inamkauka jukwaani. Maadamu dawa na mapumziko havikumfaa kwa kudumu, alijitazama kiooni huku akighani, akaona kuwa kila aanzapo kutamka hukivuta kichwa nyuma, hulikandamiza koromeo, na kuvuta pumzi kwa kishindo. Akaazimia kukipeleka kichwa mbele, na kwa hisia zake alikuwa na yakini kuwa amefanya hivyo. Lakini alipoongeza vioo viwili ubavuni, alishuhudia kuwa bado anakivuta nyuma vilevile. Hapo ndipo ulipo muradi wa maneno haya yote: jambo lililorudiwa miaka mingi huwa ndiyo mizani ya mwili, hata kilichopinda kikahisiwa kimenyooka, na kilichonyooka kikahisiwa kigeni. Misuli na viungo hupeleka habari zake ubongoni daima, kama alivyobainisha mwanachuoni Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1906, ila habari isiyobadilika haishughulishi tena fikira.

Hata hivyo picha moja haitoshi kumhukumu mtu. Ni sehemu ndogo mno ya nukta, na huenda aliyekunja mikono alikuwa akihisi baridi tu, wala hana kiburi wala hofu. Na kamera iliyosogezwa karibu mno huzidisha kila kilicho mbele. Afadhali azikusanye picha za miaka mbalimbali, katika mavazi na majlisi tofauti, atafute kinachojirudia.

Tena kinachojirudia si lazima kiwe chake peke yake. Mfaransa Marcel Mauss, katika hotuba yake ya mwaka 1934, alisimulia kuwa alipolazwa hospitalini New York aliustaajabia mwendo wa wauguzi, akajiuliza aliuona wapi, hata akatambua kuwa ni katika senema. Na aliporudi kwao akawaona wasichana wa Paris nao wanakwenda vivyo hivyo. Kadhalika fundi cherehani huubeba mwinamo wa kazi yake hata sokoni, na mtoto husimama kama mama yake bila ya kufunzwa. Basi aonaye bega lake limeshuka katika picha za arusi mbalimbali na aanze kwa kuuliza mkoba huubeba upande gani, na meza ya kazini ina kimo gani, na nani nyumbani kwao alisimama hivyo kabla yake.